Aliyelala Hapa Usiku wa Sensa

Kosa halikuwa la Karani, lilikuwa la umati. Pale stendi walimsukuma, kishikwambi cha serikali kikamponyoka, kioo kikapasuka, na mafunzo ya sensa ndiyo kwanza yameanza! Kibanda cha karibu kilikuwa cha fundi simu, kijana mwenye pengo la jino la mbele na shati la samawati lililopigwa pasi utadhani anakwenda harusini.

"Dada, hiki kitapona. Ila wewe mwenyewe unatetemeka. Nikutengeneze na wewe?"

"Tengeneza ulicholetewa!"

Lakini alicheka, na hapo ndipo alipopatikana. Haukupita muda, simu zao zikawa hazipoi. Fundi akamwita Bi Takwimu wangu, akaahidi kumwoa.

"Ila kwetu hakuna wa kukupokea, mpenzi. Baba alitangulia, mama naye akamfuata." Karani akamlilia mama mkwe asiyemjua.

Sensa ikafika. Katika nyumba moja yenye mlango wa kijani alimkuta mama mtu mzima, kitambaa cha maua kichwani.

"Usiku wa kuamkia sensa mlilala wangapi humu, mama?"

"Wawili. Mimi na mwanangu yule."

Kidole kilielekea ukutani, kwenye picha. Karani alitazama, akafikicha macho, akatazama tena. Lile pengo! Alikuwa Fundi wake, yule yatima!

"Ali... alilala hapa?"

"Miaka sasa hajakanyaga. Lakini mwandike."

"Mama, anaandikwa aliyelala tu."

"Sensa ya kwanza humu tulikuwa watatu. Iliyofuata wawili. Leo unaniandika peke yangu. Ijayo mtakuta kufuli."

Karani alitamani kupiga kelele, lakini alikuwa amekula kiapo: ya nyumba ya watu hayatoki nje, hata kwa mchumba. Akaandika mmoja, akaaga.

Jioni simu ikalia. "Bi Takwimu wangu, mbona kimya? Au umepata mwenye nyumba huko?"

"Usinitanie leo!" Akakata. Mtu anayemzika mama yake mzima mzima, mke atamfanya nini?

Sasa, Fundi alikuwa hajahesabiwa. Karani mwingine, wa mtaa wake, alimkosa kila alipobisha, na msimamizi, bila kujua lolote, akamtuma Karani amfuate kibandani. Akaenda, uso umekunjwa, akasoma maswali kama anayemsomea mgeni.

"Mama yako mzazi yu hai?"

"Alishafariki. Si unajua, mpenzi?"

"Mimi sijui kitu. Hili naliuliza kila mtu. Yu hai?"

Bisibisi ikamdondoka Fundi. "Wewe... umeingia nyumba gani?"

"Nimekula kiapo. Jibu."

Fundi akainama kuiokota. "Nilipoacha chuo aliniambia kwake nimekufa. Nikamjibu basi, na yeye kwangu amekufa. Nikazoea kusema hivyo." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Yu hai. Andika yu hai."

"Na mimi nilikuwa naolewa na nani?" Karani akabonyeza, akaondoka bila kugeuka.

Asubuhi yake namba ya Fundi iliita kwenye simu ya Karani mpaka ikamchosha. Akapokea ili amtukane. Sauti haikuwa ya Fundi.

"Wewe ndiye karani uliyenikatalia mwanangu?"

Karani akakaa chini palepale alipokuwa.

"Njoo urekebishe. Jana amelala hapa, na sasa hivi analia kama mtoto."

"Mama... haiwezekani. Usiku wa sensa umeshapita. Mpaka miaka kumi ijayo."

Upande wa pili Fundi akadakia, sauti imekauka: "Nisamehe, Bi Takwimu wangu, nili..."

"Hebu nipishe, naongea na mkwe!" Mama akairudisha simu sikioni. "Miaka kumi si mingi. Ila huyo atakayekuja, nataka atukute tumejaa. Na wewe, mwanangu, usiku huo utalala wapi?"

Karani alitaka kununa, na haki ya kununa alikuwa nayo. Machozi yakamtangulia.

"Hapohapo, mama," akasema. "Niandike."