Mluzi Ulioitikiwa na Mtu Mwingine

Mtumbwi wetu ulipinduka pale mto unapokutana na bahari. Nilipotoa kichwa juu ya maji, nikamsikia mume wangu akipiga mluzi.

Ulikuwa mluzi wetu. Mara mbili kwa kifupi, kisha mmoja mrefu unaopanda. Maana yake: uko wapi?

Nilitaka kuitikia... lakini mdomo ulikuwa umejaa maji ya chumvi.

Akaitikia mtu mwingine.

Jamani, rudieni hapo. Mluzi ambao mume wangu aliniapia kuwa ni wa sisi wawili tu duniani, uliitikiwa na mwanamke mwingine! Na aliitikia papo hapo, bila kufikiri, kama mtu aliyesikia jina lake.

Mnaonifuata humu mnanijua, mimi si mtu wa kupiga kelele. Nilishika tawi la mkoko nikatulia. Sikulia wala sikuogopa. Niliwaza tu kwamba viatu vyangu vimekwenda na maji.

Ngoja niwaeleze tulifikaje huko.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Mume wangu ni fundi wa majokofu, kanizidi umri kiasi. Tulioana kwa mapenzi mazito, tukakaa, mtoto hakuja. Hospitali walisema tupimwe wote wawili. Yeye akakataa. Akanishika mkono palepale kwenye benchi akaniambia tusitafute mkosaji.

"Huenda ni mimi," alisema. "Sijawahi kupata mtoto popote."

Maneno hayo aliyarudia hata mbele ya ndugu zake waliponianza. Wifi yangu mkubwa akainamisha uso. Nikadhani ananionea huruma.

Nilimpenda kwa hilo. Mwanaume kujibebesha mzigo kama ule mbele ya dada zake, ni wangapi wanaoweza?

Lakini mwaka hadi mwaka kitu ndani yangu kilizima. Nikawa nakula, nafanya kazi, nacheka panapostahili kuchekwa, ila sisikii chochote. Mnajua ganzi ya daktari wa meno? Unagusa shavu, unajua ni lako, lakini lenyewe halina habari. Basi mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Nikamwambia ukweli, kwamba nafikiria kuondoka.

Akaniomba kitu kimoja. Tubebe mabegi mgongoni, tuifuate pwani kwa miguu na kwa mabasi, tulale hosteli za bei rahisi kama vijana. Mwisho wa safari niamue kama tunaendelea au basi. Nikakubali.

Hosteli zile wanaume bweni lao, wanawake lao. Ndiyo maana mluzi ulirudi kazini. Asubuhi ananipigia chini ya dirisha, nami namjibu, tunakutana jikoni.

Hosteli ya pili ndipo tulipomkuta Kofia. Ni mimi niliyempa jina hilo, kwa sababu ya likofia lake la majani lililokuwa pana kuliko mabega yake. Binti wa umri wa chuo, mpole, anasafiri peke yake. Akasema na yeye anafuata njia yetu hiyohiyo.

Kila tulipofika, yupo. Analala kitanda cha chini, mimi cha juu. Taulo langu nikilisahau nje nalikuta limekunjwa. Na kila asubuhi shikamoo, kwa kuinama, wakati hosteli nzima watu wanasalimiana kwa "mambo". Nikamwambia aache, ananizeesha. Hakuacha.

Siku moja alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikampa soksi zangu za sufu. Alizishika kwa muda mrefu kabla ya kuzivaa.

Na hapa mnicheke. Mimi ambaye naangalia midomo ya watu mchana kutwa, niliona meno yake yanafanana na ya mume wangu. Mwanya uleule, na jino la chonge la kushoto limegeuka kidogo kama linachungulia. Nikawatania mezani kwamba wametengenezewa na fundi mmoja. Wote wawili waliacha kutafuna. Mimi huyoo, nikaendelea kupaka mkate siagi.

Haya, turudi mtoni.

Tulikodi mitumbwi miwili, mimi na mume wangu mmoja, Kofia na mwongozaji mwingine. Pale mlangoni mwa mto wimbi lilitupiga ubavuni, tukapinduka, mikoko ikatutenganisha. Yeye akapiga mluzi kunitafuta, na Kofia, akiwa salama kwenye mtumbwi wake, akaitikia.

Baada ya hapo mume wangu hakupiga tena. Alinyamaza kabisa. Ukimya ule ndio ulionithibitishia kuwa wana jambo.

Mwongozaji alituokota, akatupeleka kwenye fungu la mchanga la jirani, akaanza kuchota maji kwenye mtumbwi kwa kidumu kilichokatwa. Mimi nilishapanga maneno kichwani. Mchepuko. Umenileta safari ya kuokoa ndoa ukamleta na mchepuko wako, tena analala kitanda cha chini yangu!

"Mluzi wetu kaujuaje huyu?" nikamuuliza.

"Vaa kitu kikavu kwanza, utaugua."

"Nimekuuliza."

Akamwangalia Kofia. Kofia alikuwa anatetemeka kwa hofu, mdomo wazi, meno yanagongana. Nikayaona yale meno. Safari hii nikayaona vizuri.

"Ni mwanao," nikasema.

Mume wangu akakaa chini kwenye mchanga. Akasema alimpata zamani, kabla yangu, akamfundisha ule mluzi tangu akiwa mdogo. Ndugu zake wote wanajua.

"Nilitaka umzoee kwanza," akasema. "Ukishampenda ndiyo nikwambie."

Wapendwa, mtoto si tatizo. Angeniambia mwanzo ningempokea, mbona wengi wanapokea. Kilichoniingia ni kingine.

"Kumbe ulijua kuwa si wewe," nikamwambia. "Miaka yote hiyo unasema huenda ni wewe, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nakufariji."

Nikasubiri hasira ije. Haikuja. Nilimtazama tu kama ninavyomtazama mteja ambaye meno yake yako tayari, nikijua bado kidogo ataondoka.

Ndipo Kofia akasema kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, hata baba yake.

"Samahani, Mama... kwani ulikuwa hunijui?"

"Ningekujuaje?"

"Baba aliniambia unanijua tangu mlipooana. Kwamba ni wewe uliyekataa nisije kwenu, nisitajwe kabisa. Akasema nije nijifanye mtu baki, nikuhudumie, nikuheshimu, labda moyo wako utalegea."

"Nyamaza, mwanangu," mume wangu akasema.

Mwanangu. Mpaka hapo sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Nikamuuliza yule binti kama hakunichukia.

"Nilikuchukia sana," akajibu. "Mpaka uliponipa soksi. Nikashindwa kuelewa wewe ni mtu gani."

Mnaona mchongo? Kwangu alikuwa mume mwema anayejitolea kubeba lawama. Kwa mwanaye alikuwa baba mwema aliyezuiwa na mke mkorofi. Kila mmoja wetu alipewa uongo wa kumbembeleza, na yeye katikati anapendwa na wote.

Nikamwambia mwongozaji nitarudi na binti kwa mtumbwi mmoja, yeye aje na mume wangu. Mume wangu akaanza kusema kitu, nikaokota kasia.

Mimi na Kofia tulipiga makasia vibaya, tukienda kombokombo mpaka tukafika.

Pale hosteli niliomba chumba cha watu wawili. Mhudumu wa mapokezi, aliyetuchukulia kama wageni waliokutana njiani, akauliza kama huyu ni rafiki yangu.

"Ni binti wa mume wangu," nikajibu, kwa sauti iliyofika hadi jikoni.

Watu waligeuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na begi linalovuja maji, akasikia. Kofia alivuta kofia yake chini akaficha uso, akalia. Sikumkumbatia. Nilipokea ufunguo, nikabeba begi lake na langu.

Kesho yake baba mtu alipanda basi la kurudi nyumbani, na nilimwambia wazi kuwa asinisubiri. Sisi wawili tulimalizia pwani.

Nawaachia hili. Mtu akikufariji kwa uongo, ujue kuna mwingine mahali fulani anaumizwa kwa uongo huohuo. Mtafute, muulize aliambiwa nini juu yako.

Na kwa mtakaouliza kwenye maoni kama nampenda yule binti, jibu ni bado. Namzoea. Lakini tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumtaja mbele ya watu kuwa ni mtoto wa baba yake. Mimi niliyesingiziwa kumkataa, ndiye wa kwanza.