Mkono Uliofunika

Siku ilianza kama siku yoyote ya mtu aliyesoma bure. Jua lilikuwa limekaa juu ya karakana ya ndege, povu lilikuwa kwenye ndoo, na Injinia alikuwa juu ya ngazi akisugua ubavu wa ndege kwa sponji. Injinia si jina alilopewa na mama yake. Ni dhihaka ya waosha ndege wenzake, kwa sababu ana digrii ya uhandisi wa ndege, first class, imelaminishwa na kutundikwa sebuleni, na kazi pekee aliyoipata baada ya kuzungusha vyeti mpaka soli zikaisha ni kuziogesha mashine alizosomea kuzitengeneza. Kila ofisi ilimwambia neno moja: experience. Kana kwamba experience inauzwa dukani kwa kilo.

Hata hiyo sponji aliipata kwa mgongo wa mjomba wake, msimamizi wa waoshaji.

"Injinia!" mmoja akamrushia kutoka chini. "Hilo bawa ulilisomea muhula wa ngapi?"

"Muhula ule wewe ulipokuwa unarudia darasa la nne."

Wakacheka wote.

Ubavuni mwa ndege, chini ya dirisha la rubani, kuna vitundu vidogo ambavyo abiria hawavioni. Ndiyo masikio ya ndege. Hewa ikipita humo, vipimo vya rubani vinamwambia yuko juu kiasi gani na anakwenda kasi gani. Maji yakiingia ni balaa, kwa hiyo kabla ya kuosha vinazibwa kwa utepe wa gundi mwekundu, unaoonekana hata na kipofu, halafu unabanduliwa. Na pale karakanani palikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa hata na walevi: mkono uliofunika ndio ufunue. Hakuna kugusa utepe wa mwenzio, usije ukabandua mmoja ukauacha mwingine, kila mtu akamdhania mwenzake.

Siku hiyo utepe mwekundu ulikuwa umeisha.

"Chukua huu," mjomba akamrushia wa rangi ya fedha.

"Mjomba, ndege yenyewe ni ya fedha. Utaonekana vipi?"

"Ziba, osha, bandua. Tukingoja stoo walete mwekundu tutaota mvi hapa."

Akaziba. Akaukandamiza kwa dole gumba la kulia, lile lenye kovu la kisu lililolipasua katikati. Utepe ukashika, ukapotea kabisa kwenye bati.

Alikuwa anasuuza simu ilipolia. Mkewe amejifungua. Binti.

"Kimbia, mpwa wangu!" Mjomba akamkumbatia na mapovu yake yote. "Hapa namalizia mimi."

Akakimbia. Mjomba akamalizia kusuuza, akautazama ubavu, akaona fedha juu ya fedha, akajisemea kwamba kijana ameshabandua, maana tangu utotoni hakuwa mtu wa kusahau. Akatia saini.

Injinia alikuwa amempakata mwanawe wodini wakati televisheni ya ukutani ilipotangaza. Ndege imepaa. Imeingia mawinguni. Imeanguka baharini, na hakuna aliyepona.

Alilitazama dole gumba lake. Bado lilikuwa linanata.

Kinasa sauti kilipatikana. Ubavu ule haukupatikana. Waliosikiliza walisimulia kwamba rubani hakupiga kelele. Alikuwa anauliza tu, kwa adabu, tena na tena, kama mgeni aliyepotea njia: *Tuko juu kiasi gani?* Ripoti ikatoka: kosa la rubani. Marehemu ana sifa moja nzuri, habishi. Na kwa kuwa kosa lilikuwa la marehemu, ule ubao wa langoni ulioandikwa "Siku Bila Ajali" uliendelea kuhesabu. Mjomba mwenyewe ndiye aliyebadilisha namba kila asubuhi.

"Mjomba, tuseme," Injinia alimnong'oneza nyuma ya matangi ya maji.

"Useme, halafu mwanao anyonye cheti chako? Ziba mdomo."

Akauziba.

Kilichotangulia kuzibwa ni tundu la ufunguo. Alirudi nyumbani mchana, ufunguo ukakataa kuingia. Utepe wa fedha, kingo zimekandamizwa vizuri.

"Mwenzangu, siku hizi kazi unaileta mpaka nyumbani?" mkewe akacheka.

Kesho yake ikawa bomba la jikoni. Kisha spika ya redio. Mkewe alivuta mpaka kucha zikakatika, utepe haukutoka. Injinia alipougusa tu, ulibanduka kama ganda la ndizi. Hapo mkewe akaacha kucheka.

Kisha lile tundu la maji machafu bafuni. Aliinama aubandue. Chini ya utepe, ndani ya bomba, mwanamume mpole alikuwa anauliza.

*Tuko juu kiasi gani?*

Juma lile mjomba hakuja kazini. Injinia alikwenda kwake saa za chakula cha mchana, akamkuta kwenye kiti chake, televisheni inaongea peke yake. Utepe masikioni. Utepe puani. Utepe mdomoni. Aliubandua wote, analia, akausokomeza mfukoni. Ulitoka kirahisi. Mjomba alikuwa ameshapoa.

Daktari aliandika: moyo. Injinia akatia mkono mfukoni aonyeshe ushahidi. Mfuko ulikuwa mtupu.

Ndipo alipokwenda kusema. Afisa wa uchunguzi wa ajali alimsikiliza huku anachezea kalamu.

"Kijana, pilot error. Case closed."

"Ni mimi! Mimi ndiye niliyeziba!"

"Una ushahidi?"

"Uko chini ya bahari."

"Basi kaufuate." Akaitazama saa yake. "Umesema umesomea nini? First class? Na unaosha ndege? Pole sana. Msongo wa mawazo huo, ukapumzike."

Alirudi nyumbani jua likiwa utosini. Mkewe alikuwa anaanika nguo nje. Mlango wazi. Nyumba kimya.

Kimya mno.

Mtoto alikuwa kitandani. Utepe puani. Utepe mdomoni. Miguu midogo inapiga hewa.

Akabandua. Ukarudi. Akabandua. Ukarudi. Akabandua.

"Unafanya nini?"

Mkewe alikuwa mlangoni. Yeye hakuona utepe. Aliona kiganja cha mumewe kimeukandamiza uso wa mwanawe.

Injinia aliutazama mkono wake. Ulikuwa pale kweli. Aliuinua polepole, na mtoto akavuta pumzi, akalia.

Mke alibeba mtoto na kanga zake, akaondoka siku ile ile kwenda kwa wazazi wake, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Injinia hakumlaumu. Alijikalia peke yake, akangoja. Utepe haukuonekana tena. Wiki zikapita, akaanza kuota kwamba pengine hata wafu huchoka.

Kisha simu ikalia.

"Njoo," mkewe alinong'ona.

"Kuna nini?"

"Mtoto ana kitu masikioni. Cha fedha. Nimevuta, mama amevuta, nesi amevuta. Hakitoki." Akasogeza simu mdomoni. "Kina alama ya dole gumba. Ina kovu katikati."

"Mimi sijawahi kukanyaga hapo."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza. Umekibandikaje?"

Alipanda basi.

Alimkuta baba mkwe wake amekaa barazani, hakuitikia salamu. Ndani, mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake, macho yameikazia dari. Injinia alimwita. Hakugeuka. Akapiga makofi karibu na kichwa chake. Hakupepesa.

"Mkono uliofunika," Injinia alisema, kwa sauti ambayo mkewe hakuijua.

Akashika ncha ya utepe. Akavuta. Ulitoka taratibu, bila hata kumuumiza mtoto, na mkewe akashusha pumzi, akainama kutazama.

Chini yake hapakuwa na tundu la sikio. Palikuwa na ngozi tu, laini, inang'aa, kama ubavu wa ndege iliyooshwa vizuri.