Mwanamke Kwenye Simu ya Agapiti

Ulimwona. Usijifanye hukumwona. Lusiana alisimama kwenye kona ya soko la Nachingwea, simu sikioni, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola ya blauzi, nawe ukainamisha kichwa, ukaendelea kukwangua vocha yako. Wengine hatujasahau.

Ilianzia hapo hapo sokoni, mwaka 2006, ufuta ukiwa umejaa barabarani. Lusiana alishona nguo kwenye baraza la duka la vitambaa, gauni la kitenge cha njano limemkaa kiunoni, tepu ya kupimia shingoni. Kijana mrefu wa kijiji cha Nkowe, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, akamjia na uso wa msiba.

"Dada fundi, niazime macho. Nimekwangua vocha kwa kisu, tarakimu moja imeondoka."

"Kisu? Ulikuwa unakwangua vocha au unapara samaki?"

"Wewe nicheke tu. Hii ni sita au nane?"

"Weka nane."

Ikagoma. Sita, ikagoma. Akabahatisha nyingine na nyingine, mpaka kampuni ya simu ikamfungia asiingize vocha yoyote.

"Yaani hela yangu imekwenda hivi hivi?"

"Imekwenda, kaka'ngu. Piga huduma kwa wateja usikilize muziki mpaka betri ife."

Wakacheka. Agapiti, ndilo jina lake, hakuondoka barazani mpaka cherehani ilipofunikwa. Noeli ilipofika, mji mzima ulijua ni wachumba.

Kisha mama yake Agapiti akaugua, kule Msumbiji, kijiji cha nje ya Montepuez, alikorudi baada ya vita. Agapiti akafunga begi.

"Nitakupigia, mama watoto."

"Watoto gani? Oa kwanza."

"Nikirudi tu, mpenzi. Siku hiyo hiyo."

Alipovuka mpaka alituma ujumbe mmoja wenye namba yake ya huko. Kisha kimya.

Kupiga nje ya nchi, dakika moja ilimeza ujira wa kushona sare ya shule. Lusiana akashona, akanunua vocha, akapiga. Akapokea mwanamke.

Sauti laini, ya Kireno, ya mtu aliyeshiba.

"Nani wewe? Mpe simu Agapiti!"

Mwanamke hakushtuka. Akasema maneno yake taratibu, akayarudia, salio likaisha.

"Shosti, si mashine hiyo?" akauliza Tabitha, fundi mwenzake.

"Mashine ya kampuni yetu inasema Kiswahili, mteja hapatikani. Tena haili salio! Huyu kala lote. Mashine gani inakula? Huyu ni mtu, Tabitha. Na yuko kitandani, nimemsikia pumzi."

Basi hela ya kila sare aliyoishona ikaenda kwenye vocha ya kumtukana mwanamke yule. Akamchora kichwani: maji ya kunde, hereni kubwa, asubuhi amevaa shati jeupe la Agapiti na vifungo kaviacha wazi. Chakula kikamshinda. Ndipo siku moja simu ikaita, sauti ya Agapiti yenyewe: "Lusi, mpen..." Ikakatika. Nani kamnyang'anya simu? Alimjua.

Wiki ile ile Dickson, karani wa ghala la korosho, aliyekuwa akimzungukia kwa pikipiki yake nyekundu, akaleta posa. Lusiana akasema ndiyo kama mtu anayerusha jiwe. Ndoa ikatangazwa parokiani Jumapili ya kwanza, ikatangazwa ya pili.

Kabla ya ile ya tatu, ya mwisho, Agapiti akatokea barazani, amekonda, kichwa kimenyolewa.

"Amekuruhusu?" Lusiana hakuinua macho kwenye sindano.

"Nani?"

"Mkeo wa Kireno. Anapokea simu yako kila siku."

"Simu yangu? Lusi, kwa mama hakuna mtandao. Nilitembea mpaka mjini nikupigie, neno moja na nusu, salio kwisha. Anasemaje huyo mwanamke?"

Lusiana aliyajua maneno yote kwa kuyachukia. Akayatoa bila kukosea hata pumzi, akibana pua kumwigiza: "Númeru ki markó..." mpaka mwisho, "purfavori, tenti maishi tardi."

Agapiti akaanza kucheka. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Anasema namba uliyopiga haipatikani, tafadhali jaribu baadaye. Ni mashine ya kule, Lusi."

"Mbona ilikula salio langu?"

"Waulize waliokula."

Ndipo Lusiana akakiona kile kichwa kilichonyolewa kwa msiba.

"Mama?"

"Tumemzika. Kabla sijajua mtandao haufiki kule, nilimwahidi atasikia sauti yako. Akawa anauliza, huyo mkwe wangu hapigi?"

Lusiana akaacha nguo ya watu kwenye cherehani, akatembea mpaka ghalani, akamwambia Dickson mbele ya makarani wenzake: "Nilikukubali kwa hasira. Nisamehe, siolewi nawe." Akatoka na matusi ya Dickson mgongoni, akaenda kumzuia padre asitangaze. Agapiti alimkuta nje ya parokia, amekaa kwenye ngazi.

"Ukirudi tu, siku hiyo hiyo, ulisema," Lusiana akamwambia.

"Nilisema. Umechelewa kunikumbusha tu."

Wao walipona kwa Jumapili moja. Wangapi hawakupona? Yule aliyeposwa na mwingine, yule aliyezikiwa mzazi bila kuambiwa, wote walikatwa hela kwa simu isiyopokelewa na mtu, nawe unasema ndivyo mitandao ilivyo. Inuka. Nenda kwenye kaunta ya kampuni yako, mchukue na jirani yako, mdai kila salio lililoliwa na mashine. Wakisema mrudi kesho, kaeni pale pale. Nenda sasa, hawajafunga.