Vumbi la Hhando

Kiangazi kikishika Karatu, vumbi huingia hata ndani ya yai. Kwa hiyo nikitoka shule kazi yangu ya kwanza ni tambara: nafuta meza, nafuta redio, na mwisho nafuta kompyuta ya kaka Hhando, aliyefariki mwaka juzi kwa ajali ya pikipiki.

Ndani ya kompyuta hiyo kuna gemu la zamani la kuendesha lori. Miti yake haikuwa na kivuli, na barabara ilikuwa nyekundu, vumbi tupu. Mama hajui kucheza. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani alivuta kigoda na kusema, “Selina, hebu washa lori la kaka yako.” Mimi niliendesha, yeye alitazama mlango wa lori, pale Hhando alipoandika MAMA HHANDO.

Siku moja rafiki yangu Eunike aliliona, akacheka hadi akashika mbavu.

“We Selina, hili ni gemu au uji uliopoa? Hata kuku wa bibi yangu ana kivuli!”

Kesho yake aliniletea flashi yenye faili za kuongeza mwanga na vivuli, zile wachezaji wanaziita modi. Mimi nimelelewa kufuta vumbi, nikaona nifute na la kwenye gemu. Kompyuta iliuliza kama faili mpya zichukue nafasi ya zile za zamani. Nikabonyeza ndiyo kwa zote, bila kutunza nakala.

Lo, lilipendeza! Miti ilitupa vivuli, madimbwi yaling'aa. Eunike akapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama mlango wa lori. Ulikuwa mweupe, hauna hata herufi moja. Barabara nayo ilikuwa lami.

Jumapili Mama alivuta kigoda chake.

“Mama, kompyuta inaumwa,” nikasema.

“Masikini! Basi iache ipumzike,” akajibu, kana kwamba ni mgonjwa wa kweli.

Jumapili tatu nilisema hivyo hivyo. Ya tatu, Mama alichukua tambara, akaifuta kompyuta mwenyewe taratibu, akaifunika kwa khanga yake nzuri. Nikalia, nikamwambia yote.

Hakunipiga. Alisema tu, “Vaa viatu. Twende kwa Kimaren.”

Kimaren alikuwa rafiki wa Hhando, ana duka la kutengeneza kompyuta mjini. Aliponisikiliza, alikaa chini.

“Selina, lile vumbi halikuwa ubovu wa gemu. Hhando alipiga picha barabara ya Oldeani, akaiweka mle mwenyewe. Ilimchukua miezi miwili! Mimi nilikuwa na nakala.”

“Ulikuwa nayo?” Mama akauliza.

“Nimeifuta Jumatano hii iliyopita, Mama Hhando. Diski ilijaa, nikajua ninyi mnayo.”

Mama aligeukia ukutani. Mabega yake yalitikisika. Nilitamani anipige.

Baadaye Kimaren alitutoa nje. Aliipiga picha barabara nyekundu iliyopita mbele ya duka. Kisha akamwonyesha Mama gari lake lililojaa vumbi. “Andika, Mama.” Mama akaandika kwa kidole: MAMA HHANDO. Kimaren akapiga picha na hiyo.

Jumapili iliyofuata Kimaren alikuwa ameziingiza picha hizo kwenye gemu; barabara ilikuwa nyekundu, na lori lilikuwa na jina tena. Herufi zilipinda kama mbuzi wanaoshuka korongo.

“Si mwandiko wake,” Mama akasema.

“Nisamehe, Mama.”

“Nimekusamehe. Ila sikia, mwanangu. Kwanza ulikosa kwa mkono, na mkono wa kila mtu huteleza. Kisha ukakosa kwa ulimi, wiki tatu nzima. Ungesema siku ile ile, leo tungekuwa na kazi ya kaka yako. Ukiharibu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa.”

Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasogeza kigoda karibu yangu.

“Haya, endesha. Polepole, kuna vumbi.”