Kobe Asiyesema Neno

Salha anakaa kwenye ghorofa la njano, juu kabisa. Anakaa na Mama na Bibi.

Mama ana kazi yake. Anaingiza mkono ndani ya kitambaa, na kitambaa kinafumbua macho.

Kitambaa hicho kinaitwa kikaragosi. Vikaragosi vinaonekana kwenye televisheni. Mama haonekani. Mama anakaa chini ya meza.

Sasa Mama ametengeneza kikaragosi kipya. Ni Kobe. Gamba lake ni kifuu cha nazi. Shingo yake ni soksi ya Salha, ile iliyopotelewa na mwenzake.

"Kobe anasema nini?" aliuliza Salha.

"Hasemi," alijibu Mama.

"Anaimba?"

"Haimbi."

"Sasa anafanya nini?"

"Anatembea," alisema Mama.

Bosi wa Mama alimtazama Kobe. Akakuna kichwa.

"Kobe asiyesema? Tena siku ya Idi? Watu watabadilisha chaneli," alisema Bosi. "Tutamjaribu mara moja. Watu wakichoka naye, anaingia kwenye sanduku."

Salha alilijua sanduku hilo. Ndani yake kuna giza. Kikaragosi kikiingia, hakitoki.

Asubuhi ya Idi, Mama alivaa viatu. Kobe alikuwa ndani ya mkoba.

"Salha," alisema Mama. "Leo mimi niko chini ya meza. Sitawaona watu. Uwe macho yangu."

"Na masikio?"

"Na masikio. Ila usimwambie mtu acheke. Usimwambie mtu apige makofi. Usiseme Kobe ni wa nani. Tazama tu. Jioni uniambie kweli."

Salha akasimama wima.

"Macho yapo. Masikio yapo. Nitasema kweli."

Bibi alikaanga visheti. Chwaa! Chwaa! Akavipanga kwenye sahani tatu. Akaziweka sahani kwenye sinia.

"Sikukuu haikai nyumba moja," alisema Bibi. "Anza chini, kwa kina Rajabu. Kisha katikati, kwa Mama Wema. Kisha urudi juu, kwa jirani yetu Mzee Malugu. Pole pole, usimwage."

Salha alishika sinia kwa mikono miwili. Akashuka ngazi.

Siku ya Idi, kila mlango wa ghorofa uko wazi. Kila televisheni imewashwa. Kipindi cha vikaragosi kilikuwa kimeanza.

Ngruuum! Simba alinguruma kwenye televisheni.

Ha ha ha! Ghorofa zima likacheka.

Kwa-kwa-kwa! Kasuku aliimba, akasahau wimbo, akaanza tena.

Ha ha ha! Ghorofa zima likacheka.

Salha akafika chini, kwa kina Rajabu. Rajabu ana miaka minane na maneno mengi. Alikaa kwenye mkeka na wadogo zake. Rimoti alikuwa nayo yeye.

"Hodi!"

"Karibu! Heri ya Idi! Weka hapo. Usituzibe, Salha! Wewe si kioo!"

Salha akaweka sahani. Akasogea pembeni. Akatazama.

Kwenye televisheni, wanyama walikuwa wanakula sikukuu. Simba alikula. Kasuku alikula. Mbali, juu ya jiwe, alikaa Nungunungu peke yake. Hakuna aliyemwalika. Wote waliogopa miiba yake.

Ndipo akatokea Kobe.

Juu ya gamba lake ilikaa sahani ndogo. Juu ya sahani ilikaa tende moja. Kobe alimtazama Nungunungu kule mbali. Akaanza kutembea.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Aliyekuwa anacheka, akaacha. Aliyekuwa anatafuna, akaacha. Chumba kikawa kimya.

"Ee! Huyu naye!" alisema Rajabu. "Anatembea au amelala?"

Hakuna aliyecheka.

"Haongei! Kobe gani huyu? Nabadilisha chaneli."

Rajabu akainua rimoti. Kidole kikakaa juu ya kitufe.

Salha alitaka kusema, "Usibadilishe! Ni Kobe wa mama yangu!" Maneno yakafika mdomoni. Salha akafunga mdomo.

"Salha!" Bibi aliita kutoka juu. "Visheti havina miguu!"

Salha akachukua sinia lake. Akasema kimoyomoyo:

"Macho yapo. Masikio yapo. Nitasema kweli."

Akapanda ngazi. Alisikiliza.

Hakuna ha ha ha. Hakuna neno. Ghorofa zima, kimya.

"Wamezima?" alijiuliza Salha. "Wote wamezima?"

Akafika katikati, kwa Mama Wema. Mama Wema ana pacha, Kulwa na Doto. Kulwa huanza kulia, na Doto humalizia. Kila siku wanasikika mpaka barabarani.

Leo hawakusikika.

"Hodi!"

Hakuna aliyesema karibu. Mama Wema alipunga mkono tu, njoo, njoo.

Televisheni ilikuwa inawaka.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kobe bado anatembea!

Kulwa alikuwa amefungua mdomo. Doto alikuwa amefungua mdomo. Kijiko cha uji kilikuwa hewani. Hakikuenda kwa Kulwa. Hakikuenda kwa Doto.

Sahani ya Kobe ikainamia upande mmoja.

Mama Wema akainamia upande ule. Kulwa akainamia upande ule. Doto akainamia upande ule.

Salha naye akainamia upande ule. Visheti vikateleza kwenye sinia! Salha akasimama wima haraka.

Akaweka sahani ya Mama Wema mezani. Tip. Akatoka akinyata.

Akapanda ngazi tena. Akafika kwa Mzee Malugu.

Mzee Malugu hapendi vikaragosi. Amesema hivyo mara nyingi. "Mambo ya watoto hayo," husema. "Mimi nasoma gazeti. Televisheni namwashia paka."

"Hodi, Mzee Malugu!"

Kimya.

"Shikamoo, Mzee Malugu."

Kimya. Mzee Malugu, ambaye marahaba yake huamsha kuku wa jirani!

Salha akachungulia.

Gazeti lilikuwa sakafuni. Paka alikuwa amelala juu ya gazeti. Mzee Malugu alikuwa ameshika magoti yake mawili.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kobe bado anatembea!

Tende ilianza kubiringika. Ikafika ukingoni mwa sahani. Ikasimama hapo hapo.

"Usidondoke," alisema Mzee Malugu kwa sauti ndogo. "Usidondoke, mwanangu."

Salha akaweka sahani ya mwisho. Tip. Akakimbia nyumbani.

Bibi alikuwa anamimina chai. Kikombe kilijaa. Bibi aliendelea kumimina.

"Bibi, chai!"

"Wee, nyamaza," alisema Bibi. Hakuangalia kikombe. Chai ikatembea mezani.

Kobe akafika kwenye jiwe.

Akainamisha shingo. Sahani ikateleza taratibu mpaka chini. Tii! Tende ikakaa mbele ya Nungunungu.

Nungunungu akaitazama tende. Akamtazama Kobe. Akaikata tende katikati.

Nusu ilikuwa yake. Nusu ilikuwa ya Kobe.

Haaaaah.

Ilikuwa pumzi. Ilitoka chini kwa kina Rajabu. Ilitoka katikati kwa Mama Wema. Ilipita ukutani kutoka kwa Mzee Malugu. Ghorofa zima lilishusha pumzi moja.

Kisha Simba akanguruma tena, ngruuum, na watu wakacheka tena, ha ha ha.

Kipindi kikaisha.

Salha akakaa kwenye ngazi. Akakumbuka yote aliyoyaona.

Simba alichekewa. Kasuku alichekewa. Kobe hakuchekewa. Kobe hakupigiwa makofi.

"Nitamwambia nini Mama?" aliwaza.

Akakumbuka kitu kingine. Kidole cha Rajabu! Kilibonyeza au hakikubonyeza? Kazi ilikuwa haijaisha.

Salha akashuka mpaka chini. Akachungulia.

Rimoti ilikuwa imetupwa chini ya kiti. Rajabu alikuwa sakafuni, kwa mikono na magoti. Mgongoni alibeba sahani. Kwenye sahani kulikuwa na kisheti kimoja.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

"Rajabu," aliuliza Salha, "ulibadilisha chaneli?"

Rajabu akatikisa kichwa, pole pole. Hapana. Kisheti hakikudondoka.

Rajabu mwenye maneno mengi hakusema neno.

Salha akarudi juu. Sasa alijua la kusema.

Jioni Mama akarudi. Akavua viatu. Akaweka mkoba mezani.

"Mama, mbona umechoka?"

"Simba aliponguruma, simu za studio zililia," alisema Mama. "Kasuku alipoimba, simu zililia. Kobe alipotembea, hakuna simu hata moja. Bosi anasema kesho aingie kwenye sanduku."

Bibi akatazama mkoba. Salha akatazama mkoba.

"Mama," alisema Salha, "hujaniuliza."

Mama akakaa chini. "Haya, macho yangu. Watu walimcheka Kobe?"

"Hapana."

"Walimpigia makofi?"

"Hapana."

Mama akainamisha kichwa. "Basi walifanya nini?"

"Walinyamaza," alisema Salha. "Walinyamaza kama wewe unapotunga uzi kwenye sindano."

Mama akainua kichwa.

"Mama Wema alishika kijiko hewani. Kulwa na Doto hawakulia. Mzee Malugu aliangusha gazeti. Hakuitikia shikamoo yangu, Mama! Na Bibi alimwaga chai."

"Kidogo tu," alisema Bibi.

"Na Rajabu alisema Kobe amelala. Hiyo nayo ni kweli. Alitaka kubadilisha chaneli. Hakubadilisha. Sasa anatembea na sahani mgongoni."

"Na simu?" aliuliza Mama. "Mbona hawakupiga simu?"

"Wangepigaje?" alisema Salha. "Walikuwa wanamshikilia Kobe asimwage."

Mama akachukua simu.

"Hujambo, Bosi. Samahani kwa kukusumbua jioni ya sikukuu. Macho yangu yanataka kuzungumza nawe."

Akampa Salha simu.

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Salha. Nina habari za ghorofa letu."

Salha akasema yote. Alitaja kijiko. Alitaja gazeti na paka. Alitaja chai. Alitaja kidole cha Rajabu juu ya kitufe. Hakuongeza. Hakupunguza.

Alipomaliza, akasubiri.

Kwenye simu, kimya.

"Amekata?" Bibi alinong'ona.

"Hapana, Bibi," alisema Salha. "Hajakata. Amenyamaza kama Mzee Malugu."

Wakasubiri.

"Kumbe," alisema Bosi mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini, Bosi?"

"Wakati ule nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Kobe alipofika kwenye jiwe, chai ilikuwa imepoa. Sikuwa nimeinywa hata kidogo."

Salha akamngoja.

"Mwambie mama yako Kobe haingii kwenye sanduku. Jumamosi aje tena."

"Aseme neno?"

"Hapana, Salha. Tafadhali. Asiseme neno."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Bibi alimimina chai. Safari hii aliangalia kikombe.

Kisha ikawa saa ya kulala.

Salha akapanda kitandani. Mama akazima taa kubwa. Akaingiza mkono ndani ya soksi, na Kobe akafumbua macho.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kobe alitembea juu ya shuka. Alipita magoti ya Salha. Alipita tumbo la Salha. Akafika shavuni, akalaza kichwa hapo.

"Usiku mwema, Kobe," alisema Salha.

Kobe hakusema neno.

Kutoka chini ikasikika sauti ya mama yake Rajabu.

"Rajabu! Toa hiyo sahani mgongoni, ulale!"

Kisha kimya. Ghorofa lote la njano, kimya.

Salha alisikiliza kimya hicho. Hakikumtisha.

Macho yakajifumba. Masikio yakapumzika. Kweli ilikuwa imeshasemwa.