Kiganja Kilichoshuka Vidole Vinne

"Lisandro, umekuwa ukicheza na nani?"

"Na wewe! Umeamkaje leo, Romina?"

Siku tatu tu zilibaki kabla ya onyesho letu la dansi ya tango kufunguliwa katika ukumbi wa Corrientes, na baada yake mimi na Lisandro tulitarajia mkataba wa kwenda kucheza Japani. Miaka sita nimecheza kifuani kwa mwanaume huyu, minne kati ya hiyo nimelala kitandani kwake. Kiganja chake cha kulia nakijua kinapokaa mgongoni mwangu. Asubuhi ile kilitua vidole vinne chini, na hatua zake zilikuwa fupi, kana kwamba anamchezesha mtu asiyenifikia begani.

"Mkono wako umeshuka," nikasema. "Umezoea mwanamke mfupi."

"Uchovu, mpenzi. Usianze."

Mzee Osvaldo, mkurugenzi wetu, alifyonza chai yake chungu kwenye kibuyu.

"Nyie wawili, wivu wekeni kwenye dansi! Pumzikeni dakika kumi."

Mfupi kwenye kundi letu ni mmoja tu, Yanina. Nilimfundisha mwenyewe hata kuvaa viatu vya jukwaani. Nikatoka hadi kwenye ngazi, nikampigia simu, sauti nikailainisha.

"Yanina, mambo? Lisandro anasema ile dansi ya mwisho bado inakusumbua."

"Jamani dada, amekuambia?" Akashusha pumzi. "Afadhali! Alisema atakueleza baada ya Ijumaa. Mimi dhamiri ilikuwa inaniua."

"Anieleze lipi? La Japani?"

"Japani, na... na sisi. Dada Romina? Upo?"

Nilikuwepo. Nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi.

Nikamtumia Lisandro ujumbe: "Njoo kwenye ngazi. Yanina ameshasema."

Akajibu: "Usimsikilize, ni mtoto yule."

Lakini akaja mbio, jasho linamtoka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Aprili. Romi, nisikilize. Sikutaka kukuvuruga kabla ya onyesho."

"Kumbe ulinihurumia! Na Japani je? Mimi ndiye niliyeitunga dansi ile ya kwenda nayo."

Akatazama chini.

"Nilimwambia mzee kuhusu goti lako."

Hapo ndipo nilipochomwa. Mwezi wa tatu goti liliniuma, nikalia usiku, nikamwambia yeye peke yake. Lilipona ndani ya wiki tatu, na yeye ndiye aliyekuwa akinikanda. Mchezaji akisemwa ana goti bovu, hakuna anayempa mkataba tena. Ningemsamehe kitanda labda, siku moja huko mbele. Goti sikuweza.

"Ulininyang'anya kazi kwa siri niliyokupa nikiwa nalia," nikasema. "Wewe si mtu, Lisandro."

Nikarudi ndani nikasimama mbele ya Osvaldo.

"Mzee, umeambiwa mimi kiwete?"

Akakohoa. "Nimeambiwa unaficha maumivu. Anayekubeba ndiye anayejua."

"Basi mwite Yanina. Wacheze dansi ya mwisho, kisha nicheze mimi. Uamue kwa macho yako."

Yanina alikuja akiwa mwekundu hadi masikioni. Wakaanza vizuri, sitasema uongo. Wakafika pale mwanamke anapopaa hadi begani. Lisandro akavuta, Yanina akabaki sakafuni kama gunia. Akavuta tena, nusura waanguke wote.

"Ruka basi!" Lisandro akafoka.

"Si uliniambia wewe ndiye unayebeba!"

Zamu yangu ikafika. Nilikanyaga kwa mguu wa goti lile lile, nikaruka, nikatua begani kwake bila kishindo. Osvaldo akaweka kibuyu chini.

"Mwaka mzima unajisifu unambeba," akamwambia Lisandro, "kumbe anaruka mwenyewe, wewe unampokea tu! Romina, nisamehe. Japani ni yako, mchezaji mwenzako utamchagua mwenyewe."

"Na Ijumaa?" Lisandro akauliza kwa sauti ndogo.

"Ijumaa nitacheza na wewe," nikajibu. "Tiketi zimeuzwa."

Siku mbili tulifanya mazoezi kama watu waliokutana benki. Ijumaa nikapaka rangi ya midomo, nikambandikia shavu langu shavuni, nikafumba macho mbele ya watu mia nane. Nilipotua begani kwake, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mama mmoja wa safu ya kwanza alikuwa analia waziwazi.

"Mnavyopendana!" akapaza sauti. "Mungu awatunze!"

Tukainama mara nne. Pazia liliposhuka, Lisandro hakuuachia mkono wangu. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Umeona, Romi? Hata wao wameona. Bado unanipenda."

Nikautoa mkono wangu polepole.

"Hiyo ni kazi, Lisandro. Na kazi yangu naijua sana."

Nikaenda kubadilisha nguo. Nililia humo ndani mpaka wafagiaji wakagonga mlango.