Nzi wa Sinki na Nzi wa Ukuta

Kila asubuhi msusi alifungua saluni yake, akafagia, akapanga vitana, kisha akapuliza dawa ya wadudu. Dawa ilikuwa ya nzi wadogo wa kijivu, wenye manyoya, waliotua ukutani juu ya sinki la kuoshea nywele. Walikufa papo hapo. Kesho yake wengine walikuwa pale pale, kana kwamba wameachiana zamu.

Shemeji yake, aliyeosha pikipiki uani, hakumpa nafasi ya kupumua. Alisema nzi wamekuja kusukwa, wapewe namba wakae foleni. Lakini siku mteja alipowakimbia nzi na kichwa kilichosukwa nusu, msusi hakucheka. Jumamosi alimtarajia bibi harusi na wasimamizi wake sita. Bibi harusi alikuwa ameshasema kwamba akiona hata nzi mmoja, atahamia saluni nyingine.

Jumatatu jirani wa ghorofani alikuja kuoshwa nywele. Alikuwa mtafiti wa wadudu katika jumba la makumbusho. Alipoinamia sinki akawaona nzi, akasahau nywele.

"Hawa ni nzi-nondo, wana manyoya kama vipepeo wa usiku," alisema, povu likimchuruzika shingoni. "Hawaumi. Ila dawa yako inaua wazazi na kuacha watoto."

Alieleza kwamba mabuu, yaani watoto wa nzi hao, huishi ndani ya bomba, kwenye utelezi wa sabuni, mafuta na nywele. Utelezi ukisuguliwa kwa brashi, nzi hukosa pa kuzalia. Kabla msusi hajasugua, aliomba akamatiwe wachache, akaacha chupa ya spiriti ya kuwahifadhia.

Msusi alikamata kumi pale sinkini. Kisha akaona wengine kama hao nyuma ya tangi la maji, kwenye ukuta mbichi uliofunikwa na majani mafupi kama zulia. Kwake nzi walikuwa nzi tu. Akawatia wote katika chupa moja, akaandika kijikaratasi kwa kalamu ya wino, akakitumbukiza ndani.

Jirani aliichukua chupa, na Jumatano akarudi nayo. Alieleza kwamba nzi wanaofanana kwa macho hutofautishwa kwa hadubini, kwa kutazama viungo vidogo vya mwisho wa tumbo la dume. Madume wawili hawakulingana na spishi yoyote iliyomo vitabuni.

"Uliwakamata wapi?"

"Si nimeandika?"

Jirani akainua kijikaratasi. Kilikuwa cheupe. Spiriti ilikuwa imefuta wino wote.

Msusi akakiri kwamba aliwatoa sehemu mbili. Jirani akajitupa kwenye kiti cha wateja. Huwezi kueleza vizuri spishi mpya, alisema, bila kujua inakoishi. Na kama wale wawili walitoka bombani, brashi ingewafagilia mbali kabla hawajajulikana.

"Usisugue kwanza."

"Mpaka lini, dada? Jumamosi nina harusi."

"Ijumaa asubuhi utapata jibu."

Msusi hakuwahi kuchanganya nywele za wateja wawili katika mfuko mmoja. Akaona aibu, akakubali.

Safari hii alitumia chupa mbili, na penseli, kwa kuwa spiriti haiifuti. Kila kijikaratasi kilikuwa na mahali, tarehe na jina la mkamataji. Nyuma ya tangi shemeji alimmulikia tochi, akinung'unika kwamba nzi wamepata vitambulisho kabla yake.

Ijumaa jibu likaja. Nzi wa sinki walikuwa wa kawaida, wale wa mabombani karibu dunia nzima. Wale wageni walitoka kwenye ukuta wa nyuma ya tangi.

"Sugua bomba," jirani alisema. "Ukuta usiuguse."

Msusi alisugua mpaka kiwiko kikauma. Akatoa bonge la utelezi kubwa kama ngumi, akamimina maji ya moto, akafuta ukuta wa sinki. Jumamosi bibi harusi alikagua sinki, dari, hata taulo. Kisha akakaa. Tangu hapo bomba husuguliwa kila wiki, na shemeji amehamisha pikipiki zake ili povu lisifike kwenye ukuta wa tangi.

Mwaka mzima ulipita kabla ya spishi kutangazwa, maana jirani alilazimika kuilinganisha na nzi waliohifadhiwa katika makumbusho mengine. Siku hiyo aliwaita msusi na shemeji kwenye jumba la makumbusho, akavuta droo. Dume alikuwa juu ya kioo chembamba, mdogo kama ufuta. Kando yake kilikuwepo kijikaratasi cha penseli, kwa mwandiko wa msusi: ukuta nyuma ya tangi la maji, tarehe, na jina lake.

Shemeji aliinama, akakisoma mara mbili.

"Na aliyeshika tochi," akauliza, "mbona hayumo?"